Soapbox Science pale South Bank, London: hapa unaruhusiwa kumkatiza mwanasayansi

Wadada wa huku London mmeniuliza sana wapi pa kupeleka watoto Jumamosi bila kuacha paundi arobaini getini, na kila nikijibu kwa simu najikuta naongea nusu saa nzima, kwahiyo naandika hapa mara moja wote msome. Hii kitu inaitwa Soapbox Science. Ni wanasayansi wanawake, wanavaa makoti meupe ya maabara, wanapanda juu ya sanduku katikati ya watu wanaopita na wanaeleza utafiti wao. Basi, ndo hivyo tu. Hakuna ukumbi, hakuna projekta, hakuna kiingilio. Mimi nawapa nyota tano kati ya tano na ntawaeleza kwanini, ila na mambo ya kujiandaa nayo ntayasema maana ukienda na watoto wadogo bila maji na kofia utarudi umechoka.

Mimi niliwakuta South Bank, ukingo wa mto Thames upande wa kusini, pale karibu na mnara wa OXO kuna bustani ya majani na maduka madogo ya Gabriel's Wharf. Ukishuka Waterloo unatembea kama dakika kumi unafuata mto. Sikuwa nimewafuata wao. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku (nalea wazee), nimemchukua mwanangu ana miaka tisa, tunapita tu tukanunue aiskrimu, mara nasikia sauti ya mwanamke inapaa juu ya kelele zote, "Nani hapa ana damu? Inueni mikono!" Watu wakacheka wakainua mikono. Mwanangu nae kainua. Nikasema tusimame dakika mbili. Tulikaa mpaka saa 11 jioni.

Utaratibu wao uko hivi. Wasemaji ni 12, muda ni masaa matatu, kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 11 jioni, na kila saa wanapanda wanne kwa pamoja kila mmoja na sanduku lake, wakimaliza wanashuka wanapanda wengine wanne. Kwahiyo huwezi kuwasikiliza wote, lazima uchague, na hili mimi liliniuma kidogo kwa sababu kulikuwa na mmoja anaongelea udongo nilitamani sana kumsikia ila sikuweza kubanduka pale nilipokuwa. Hawaruhusiwi kuonyesha slaidi. Wanatumia vitu vya mkononi, mabomba, mipira, shanga, mwingine anatumia mwili wake mwenyewe, ntafika huko. Waanzilishi ni wanasayansi wawili, Seirian Sumner na Nathalie Pettorelli, waliianzisha mwaka 2011 hapo hapo London wakiwa kwenye taasisi ya utafiti ya Zoological Society of London, na tangu hapo imeshafanyika kwenye miji mingi Uingereza na nje ya Uingereza. Sumner mwenyewe ni mtu wa nyigu, yani maisha yake yote anatetea nyigu ambao watu wote tunawakimbia.

Kwanini sanduku la sabuni? Hili nilimuuliza kijana mmoja wa kujitolea aliyekuwa anagawa stika. Zamani sabuni ilikuwa inasafirishwa kwenye masanduku ya mbao, sasa mtu akiwa na neno la kuwaambia watu mtaani anachukua sanduku tupu analigeuza, anapanda, anaanza. Hyde Park hapo hapo London kuna kona maarufu ya kufanya hivyo, sheria ya mwaka 1872 ndo iliweka njia ya watu kukutana na kuhutubia humo. Na tarehe 21 Juni 1908 wanawake waliokuwa wanadai kura walijaa Hyde Park, wakaweka majukwaa 20, wanawake wanapanda wanaongea mbele ya umati ambao haukuzoea kuhutubiwa na mwanamke. Nilipolisoma hili baadae nikaelewa kwamba lile sanduku halikuchaguliwa kwa sababu ni rahisi kubeba. Kwa sababu upande wa sayansi ndo ilikuwa mbaya zaidi jamani. Kulikuwa na mama mmoja Hertha Ayrton, mtaalamu wa umeme, na alichunguza pia kwanini mchanga wa ufukweni unajikunja mawimbi mawimbi maji yakipita. Mwaka 1902 alipendekezwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi wa Uingereza, wakamkatalia kwa sababu ni mke wa mtu. Mwaka 1904 akasimama akasoma utafiti wake mwenyewe mbele yao, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, maana kabla yake mwanamke akiandika kitu anakuja mwanaume kumsomea, Mary Somerville mwaka 1826 alisomewa na mume wake. Wanachama wa kwanza wanawake wakaja kupatikana 1945. Na zile mihadhara ya Krismasi za Royal Institution ambazo watoto wa Uingereza wanaangalia kwenye tivii, zimeanza mwaka 1825, mwanamke wa kwanza kuzitoa ni Susan Greenfield mwaka 1994. Piga hesabu mwenyewe. Mimi mwaka huo nilikuwa nimeshazaliwa.

Sasa turudi kwenye damu.

Aliyekuwa anaongea ni mdada mweusi, alisema wazazi wake wanatoka Ghana, na utafiti wake ni sikoseli. Hapo miguu yangu ikagoma kutembea. Wanaonijua wanajua, mdogo wangu wa kike ana sikoseli, yuko Tabora na mama. Na kabla yake kuna mdogo wetu wa kiume tulimzika akiwa na miaka mitatu, hakuna aliyewahi kutuambia alikuwa na nini, alikuwa anavimba vidole, analia usiku, macho ya njano, wakasema malaria, wakasema homa ya manjano, mwisho wakasema mengine ambayo siyaandiki hapa. Mdogo wangu wa kike ndo alikuja kupimwa, hospitali siitaji, na daktari (namkumbuka mpaka shati alilovaa) akaandika herufi mbili kwenye kadi, SS, akamwambia mama kwa haraka haraka "ni ya kurithi, kati ya watoto wanne mmoja anakuwa nayo", akaita mgonjwa mwingine. Mama alikuwa na kanga mkononi anaikunja na kuikunjua. Hakuuliza. Ungeulizaje, foleni imefika nje na daktari ameshageuza kichwa.

Mdada wa kwenye sanduku alikuwa na bomba la plastiki linaloonekana ndani, na beseni la maji. Akachukua vipira vidogo laini vyekundu akavimwaga humo na maji, vikapita vikijikunja kwenye kona mpaka vikatokea upande wa pili, akasema hizi ni chembe za damu zilizo sawa, laini kama unga uliokandwa vizuri, zinajipenyeza kwenye mshipa mwembamba kuliko zenyewe. Alafu akachukua vipande vya raba ngumu alivyovikata vimepinda. Akavimwaga. Vitatu vya kwanza vikapita, cha nne kikakwama kwenye kona, nyuma yake vikajazana, maji yakarudi juu yakamwagikia viatu vyake. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Hapa ndipo maumivu yanapotokea." Watoto wote kimya.

Na unajua lugha yetu ilikuwa imeshasema, selimundu, chembe yenye umbo la mundu, ule ule wa kuvunia mpunga. Nimelisikia lile neno redioni miaka yote nikijua ni jina tu la ugonjwa kama majina mengine. Nilipoiona ile raba iliyopinda ndo nikaliona neno.

Akaeleza kwamba tofauti yote ni kosa moja dogo kwenye maelekezo ya kutengeneza himoglobini, yani ile protini ndani ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, sehemu moja tu imebadilika. Ikiwa imebeba oksijeni haina shida. Ikishaishusha, zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe zinajipanga kama fito ndefu ndani ya chembe, chembe inapinda inakuwa ngumu. Chembe ya kawaida inaishi siku kama 120, hii iliyopinda inaishi siku 10 mpaka 20 inakufa, ndo maana damu inapungua kila wakati na macho yanakuwa ya njano. Baridi, kiu, homa, vyote vinaweza kuchochea maumivu. Nikakumbuka mdogo wangu alivyokuwa akioga maji ya asubuhi Juni anaanza kulia magoti, tukimwambia anadeka. Tulimwambia anadeka.

Nikainua mkono. Sijawahi kuinua mkono mbele ya watu kwa kiingereza toka nimefika nchi hii. Nikamkatiza katikati ya sentensi, na yeye akasimama akainama kabisa kutoka juu ya lile sanduku, sikio kwangu. Nikamuuliza, mama yangu aliambiwa kati ya watoto wanne mmoja, akapata mmoja akafariki, alafu wa nyuma yake nae akawa nayo, inakuwaje wawili? Mama yangu anaamini mpaka leo kuna kitu alifanya.

Hakunijibu kwa mdomo. Akatoa mifuko miwili ya kitambaa, kila mmoja una shanga mbili, nyekundu moja na nyeupe moja. Akasema mfuko huu ni baba huu ni mama, wote wawili wazima, wote wamebeba nyeupe moja bila kujua. Akamwita mwanangu aje achomoe moja kutoka kila mfuko bila kuangalia. Akachomoa. Nyeupe na nyeupe. Akasema huyo mtoto ana sikoseli, sasa rudisha shanga mfukoni tikisa, chomoa mtoto wa pili. Akachomoa. Nyeupe na nyeupe tena. Watu wakaguna. Yule mdada akaniangalia mimi, sio umati, mimi, akasema: "Mfuko haukumbuki."

Mfuko haukumbuki. Kila mimba ni kuchomoa upya, moja kwa nne ni ya kila mimba sio hesabu ya watoto wamepangwa mstari. Na lazima mifuko yote miwili iwe na nyeupe. Miwili. Mama yangu miaka zaidi ya ishirini amebeba peke yake kitu ambacho kimetoka kwenye mifuko miwili, na wale mashangazi waliokuwa wanasema ukoo wa mama ndo wenye mkosi hakuna hata mmoja aliyewahi kuangalia mfuko wa upande wao. Nililia pale pale mbele ya watu wanakula aiskrimu. Mama mmoja wa kizungu simjui akanishika bega.

Nikauliza na la pili, kwanini ugonjwa mbaya hivi umejaa kwetu. Akasema ukiwa na shanga nyeupe moja tu, huumwi sikoseli, na unakuwa na kinga kubwa dhidi ya malaria kali, kwahiyo kwenye nchi za malaria waliobeba moja ndo waliokuwa wanapona utotoni na kuzaa, vizazi kwa vizazi, na ndo maana utaikuta Afrika, India, mpaka kandokando ya bahari ya Mediterania. Mwanaume mmoja nyuma yangu akauliza kama kuna dawa, akaeleza kuhusu hydroxyurea inavyopunguza mashambulizi ya maumivu, kupandikiza uboho, na majaribio ya kurekebisha vinasaba. Nilipoenda mimi hayo ya mwisho yalikuwa bado majaribio, Novemba 2023 Uingereza ikawa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba ya namna hiyo kwa sikoseli. Bei yake ni ya kutisha na Tabora haijafika, hilo najua. Ila kipimo cha mtoto akizaliwa na vidonge vya hydroxyurea ni vitu ambavyo mtu akijua anaweza kuviulizia kwa jina.

Saa ilipoisha wakapanda wengine wanne. Mwanangu akanivuta kwa dada wa nyuki, na hapa niwe mkweli nilitaka kwenda nyumbani ila nashukuru alinivuta.

Huyu alicheza. Nyuki akirudi kutoka kwenye maua anawaambia wenzake maua yako wapi kwa kucheza juu ya sega, gizani ndani ya mzinga. Anatembea mstari anatikisa nyuma, anazunguka anarudi, anatembea tena. Akitikisa kuelekea juu moja kwa moja maana yake fuateni jua. Akielekea pembeni kidogo kulia maana yake liacheni jua kushoto kwenu kwa kiasi hicho hicho. Na urefu wa kutikisa ndo umbali, sekunde moja hivi inakaribia kilomita nzima. Sasa yule dada kamgeuza mwanangu kuwa jua, kamsimamisha upande wa mto, alafu yeye juu ya sanduku na koti lake jeupe anatikisa kiuno, na watoto wanatakiwa waseme ndoo ya maua imefichwa wapi kwenye bustani. Walikimbia wakaipata! Mara ya pili wakaipata tena. Kuna mtoto aliuliza anayecheza ni dume au jike, akasema nyuki wote wanaotafuta chakula ni wa kike, watoto wa kike wakashangilia utadhani goli limefungwa.

Babu yangu alikuwa mtu wa mizinga kule Sikonge, mizinga ya magome, anaitundika juu kwenye miyombo. Nikamwambia. Nikamuuliza wingu likiziba jua nyuki wanafanyaje, kwa sababu babu alikuwa anasema siku ya mawingu nyuki wachache wanatoka lakini wanaotoka hawapotei. Akafurahi huyo! Akasema babu yako aliona vizuri, nyuki wakipata hata kipande kidogo cha anga la bluu wanasoma mpangilio wa mwanga wake na kujua jua liko wapi. Alafu yeye ndo akaanza kuniuliza mimi. Mzinga wa magome unadumu muda gani, mnatundika mti gani, mnavunaje usiku. Akaniambia kuhusu mwanasayansi mwanamke Claire Spottiswoode aliyefanya utafiti na Wayao wa Niassa, Msumbiji, juu ya yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali, matokeo yalitoka mwaka 2016, kwamba mrina asali akitoa ule mlio wao maalum uwezekano wa kuongozwa na ndege unapanda kutoka kama asilimia 33 mpaka 66. Na baadae nimekuja kusoma utafiti mwingine uliohusisha Wahadzabe wetu wa Tanzania ambao wao wanapiga mluzi, na ndege wa kila sehemu anaitikia zaidi lugha ya watu wa kwao. Nikasema babu angesikia hili angesema mmetumia pesa nyingi kujua tulichowaambia, ila angekaa kusikiliza mpaka mwisho, namjua.

Hiki ndo ninachotaka mkielewe kuhusu hii huduma. Makumbusho ya sayansi London ni mazuri na kuingia ni bure pia, nimempeleka mwanangu mara nyingi, ila kioo hakikuulizi babu yako alikuwa anafanyaje. Video za mtandaoni nazo nzuri, ila huwezi kuinua mkono. Pale chini ya sanduku mwanasayansi anakuona usoni, akiona umekunja uso anajua neno lile halijafika anatafuta lingine. Nilimwona dada wa sikoseli akibadilisha maneno mara tatu kwa bibi mmoja mpaka bibi akasema "aaah". Mara tatu, bila kukasirika. Na hajui bibi yule ni nani, wala bibi hamlipi chochote.

Na ni muhimu kwamba ni wanawake. Jocelyn Bell Burnell aligundua nyota za pulsar mwaka 1967 akiwa bado mwanafunzi, waandishi wa habari walipokuja walimuuliza msimamizi wake mambo ya fizikia na yeye wakamuuliza ana wapenzi wangapi, amesimulia mwenyewe. Pale South Bank hakuna aliyeuliza hivyo. Mwanangu wa kiume ameondoka pale anadhani mwanasayansi ni mwanamke mwenye koti jeupe lililolowa maji, na sijamsahihisha.

Haya mambo ya kujiandaa. Ni nje, na ule mto una upepo, sauti inachukuliwa, kwahiyo sogea mbele kabisa usione aibu, ndo walivyotaka wenyewe. Viti hakuna, mwenye matatizo ya miguu abebe kile kistuli cha kukunja au akae kwenye majani. Kama una mtoto wa chini ya miaka mitano mpeleke kwa wanaotumia vitu vya kushika, wa hesabu na wa anga wanaweza kumchosha. Vyakula vya pale karibu ni bei, beba wali wako kwenye hotpoti, nyasi zipo. Kiingereza kisikuogopeshe, mwambie tu sijaelewa, sema tena, wamejiandaa kwa hilo kuliko mtu yeyote niliyewahi kuongea nae nchi hii. Tarehe na sehemu zinabadilika, kwahiyo angalieni kwenye tovuti yao kabla hamjafunga safari. Na kwa wadada wenye digrii zenu za sayansi ambao mnafanya shifti kama mimi, kaangalieni jinsi wanavyopokea maombi ya wasemaji, kuna watu humu natamani kuwaona juu ya lile sanduku.

Nilichotamani mimi ni kimoja, kiwepo hiki kitu kwa Kiswahili. Pale stendi ya Tabora, au soko la Kariakoo, au Feri Mombasa watu wakisubiri kivuko, umati upo tayari hauhitaji tangazo. Na watu wa kupanda wapo. Nilipofika nyumbani usiku ule nilitafuta sikoseli Tanzania nikakutana na Profesa Julie Makani wa Muhimbili, amefanya utafiti wa sikoseli kwa miaka na mwaka 2011 alipata tuzo ya Royal Society Pfizer, Royal Society ile ile iliyomkatalia Hertha Ayrton. Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata udaktari wa falsafa, mwaka 1971, alisomea anatomia ya mifugo lakini tunamjua kwa sababu alienda kukaa na akina mama vijijini akaeleza mti na maji vinahusianaje kwa maneno yao, miche wakaotesha wenyewe. Jane Goodall nae, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, mpango wake wa vijana na mazingira, Roots & Shoots, ulianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 tu waliokuja kumuuliza maswali. Yani hii sio kitu cha kigeni kwetu. Tukae tulifikirie jamani, hata sanduku la soda lililogeuzwa linatosha.

Jumapili yake nilimpigia mama. Sikuwa na shanga, nikamwambia achukue maharage, mekundu mawili na meupe mawili, na vikombe viwili. Alikuwa na mdogo wangu pembeni. Nikamwelekeza kwa simu, hiki kikombe ni wewe hiki ni marehemu baba, mdogo wangu achomoe. Wakachomoa mara kumi wanahesabu, mara ya tatu ikatoka meupe mawili, mara ya nne ikatoka meupe mawili tena, kama ilivyomtokea mwanangu, nasikia mdogo wangu anasema "mama ona". Nikamwambia kikombe hakikumbuki mama. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha. Akasema, "Kwahiyo na baba yenu." Nikasema ndio mama, na baba. Akasema, "Haya." Alafu nikasikia anajipangusa pua.

Baadae kidogo nikamweleza ile ya malaria, kwamba mwenye nyeupe moja analindwa. Mama yangu ameishia darasa la saba. Akafikiria akaniuliza, "Sasa huko kwenu London ambako mbu wa malaria hakuna, hizo nyeupe zinamlinda mtu na nini, na zitaisha zenyewe au zitakaa tu?"

Nimeliandika kwenye simu neno kwa neno kama alivyosema. Wakipanda tena nitakuwa mbele kabisa.